Visababishi vya kibiolojia vya matatizo ya ulaji

Visababishi vya kibiolojia vya matatizo ya ulaji ni mambo ya ndani ya mwili, kama vile urithi wa jeni, homoni, utendaji wa ubongo na hali ya tumbo, yanayomweka mtu katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupata ugonjwa unaovuruga namna yake ya kula. Mambo hayo hayafanyi kazi peke yake, bali huungana na malezi, matukio ya maisha na utamaduni. Hata hivyo husaidia kueleza kwa nini, kati ya wasichana wanaosoma shule moja na kusikia maneno yaleyale kuhusu unene na wembamba, wengi hupunguza chakula kwa siku chache kisha huacha, ilhali mmoja hushindwa kuacha hata anapokaribia kufa.

Kwa muda mrefu wagonjwa hao walihesabiwa kuwa wakaidi au wenye majivuno, na wazazi wao, hasa mama, walilaumiwa kwa malezi mabaya. Utafiti uliofanyika tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwamba lawama hiyo haina msingi: sehemu kubwa ya hatari hurithiwa, na njaa yenyewe, ikishadumu, hubadilisha ubongo na kuuendeleza ugonjwa.

## Aina za matatizo ya ulaji

Matatizo yaliyochunguzwa zaidi ni haya:

* Anoreksia nervosa: mgonjwa hujinyima chakula hadi uzito unashuka mno, huogopa sana kunenepa, na mara nyingi hujiona mnene hata akiwa amebaki mifupa na ngozi.
* Bulimia nervosa: mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi akihisi kwamba hawezi kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha, hufunga au hufanya mazoezi kupita kiasi. Kwa kuwa uzito wake huweza kuwa wa kawaida, ugonjwa hukaa miaka mingi bila kugunduliwa.
* Ugonjwa wa kula kwa kupindukia: mgonjwa hula vilevile bila kujizuia, lakini hajitapishi wala hafanyi jambo lingine la kufidia. Ulitambuliwa kuwa ugonjwa wa pekee mwaka 2013, katika toleo la 5 la mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani (DSM-5).
* Ugonjwa wa kuepuka vyakula: mgonjwa hukataa vyakula vingi kwa sababu ya ladha, harufu, hofu ya kupaliwa au kukosa hamu, bila kuogopa unene. Huanza mara nyingi utotoni.

## Historia ya maelezo ya kitabibu

Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton aliandika juu ya msichana wa miaka 18 aliyekonda bila kuwa na homa wala kikohozi, tofauti na wagonjwa wa kifua kikuu aliozoea kuwaona. Aliuita ugonjwa huo ukondefu wa neva. Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza ugonjwa huo kwa undani. Jina anoreksia nervosa lilitolewa na Gull. Maana yake ya asili ni "kukosa hamu ya chakula kwa sababu ya neva", ingawa wagonjwa wengi husikia njaa, hasa mwanzoni.

Mwaka 1914 Morris Simmonds, daktari wa Hamburg, Ujerumani, alieleza hali ya kukonda sana iliyotokana na kuharibika kwa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Kwa miaka mingi baadaye wagonjwa wa anoreksia walichanganywa na wale wa Simmonds, na baadhi yao walipewa dawa zilizotengenezwa kwa tezi za wanyama. Ilipothibitika kwamba magonjwa hayo ni mawili tofauti, maelezo ya kimwili yaliachwa kwa sehemu kubwa, na katikati ya karne ya 20 chanzo kilitafutwa katika mawazo ya mgonjwa na makosa ya familia yake.

Bulimia nervosa ilielezwa na Gerald Russell wa London mwaka 1979. Muda mfupi baadaye tafiti za mapacha zilirudisha tena swali la mwili.

## Urithi

Matatizo ya ulaji huonekana kujirudia katika koo. Ndugu wa kike wa karibu wa mgonjwa wa anoreksia, yaani mama, dada au binti, wamekadiriwa kuwa na hatari takriban mara 11 kuliko wanawake wengine. Lakini ndugu huishi pia pamoja, hula chungu kimoja na huigana. Kwa hiyo ilibidi kutenganisha urithi na mazingira.

Njia iliyotumika ni kulinganisha mapacha. Mapacha wa yai moja wana jeni zinazolingana karibu zote, ilhali mapacha wa mayai mawili wanalingana kama ndugu wengine wa kawaida. Aina zote mbili hulelewa katika nyumba moja kwa wakati mmoja. Ikiwa mapacha wa yai moja huugua wote wawili mara nyingi zaidi kuliko wale wa mayai mawili, tofauti hiyo hutokana hasa na jeni. Kwa njia hiyo tafiti nyingi zimekadiria urithikaji wa anoreksia kuwa kati ya asilimia 50 na 60, na wa magonjwa mengine ya ulaji kuwa karibu na hapo.

Kipimo hicho hueleweka vibaya mara nyingi. Urithikaji wa asilimia 50 hauna maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kuugua. Maana yake ni kwamba, katika jamii iliyochunguzwa, karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya kuugua inatokana na tofauti za jeni zao. Watoto wengi wa wagonjwa hawaugui kamwe.

Hakuna jeni moja ya anoreksia. Mwaka 2019 jarida la *Nature Genetics* lilichapisha utafiti mkubwa uliolinganisha DNA ya wagonjwa 16,992 na ya watu 55,525 wasio na ugonjwa huo. Ulionyesha sehemu 8 za jenomu zinazohusiana na anoreksia. Kila moja huongeza hatari kidogo tu, na nyingine nyingi bado hazijatambuliwa.

Matokeo ya utafiti huo yalikuwa ya aina mbili. Kwanza, jeni za anoreksia hufanana kwa sehemu na zile za magonjwa mengine ya akili, kama vile wasiwasi, sonona na ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia. Pili, huhusiana na jeni zinazoongoza matumizi ya sukari na mafuta mwilini, wembamba wa maumbile na hamu ya kutembeatembea. Kwa sababu hiyo watafiti walipendekeza kwamba anoreksia itazamwe kama ugonjwa wa akili na wa umetaboli kwa pamoja. Huenda ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wakishanenepeshwa hospitalini hukonda tena upesi: mwili wao wenyewe huwavuta chini.

Watu waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa mabara mengine, hivyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwao moja kwa moja.

## Ubongo

Kitovu cha kuongoza njaa na shibe ni hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson wa Marekani walionyesha kwamba panya walioharibiwa sehemu ya katikati ya hipothalamasi hunenepa mno. Mwaka 1951 Anand na Brobeck walionyesha kinyume chake: sehemu ya pembeni ikiharibiwa, panya huacha kula na kufa kwa njaa huku chakula kipo mbele yake. Baadaye ilijulikana kwamba kazi hiyo hufanywa na mtandao mpana wa neva, si kitovu kimoja tu. Uvimbe wa ubongo katika eneo hilo unaweza kuleta dalili zinazofanana na anoreksia, ndiyo maana daktari hutakiwa kuufikiria kabla ya kuamua.

Katika matatizo mengi ya ulaji, hata hivyo, hipothalamasi ni nzima. Kasoro huonekana zaidi katika mitandao ifuatayo:

* Mtandao wa raha. Dopamini ni kemikali inayoufundisha ubongo kipi kinastahili kutafutwa tena. Kwa watu wengi chakula huleta raha na kukosa chakula huleta karaha. Wagonjwa wengi wa anoreksia hueleza kinyume: kula huwatia hofu, na kujinyima huwatuliza. Katika bulimia na kula kwa kupindukia, chakula kitamu huvuta kwa nguvu kuliko kawaida, na breki za ubongo huwa dhaifu.
* Serotonini. Kemikali hii inahusika na hali ya moyo, wasiwasi na shibe. Vipimo kwa watu waliopona vimeonyesha tofauti ambazo hudumu hata baada ya uzito kurudi. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, ambayo hupatikana katika chakula tu. Kwa hiyo mtu mwenye wasiwasi wa asili akipunguza kula, huenda serotonini yake hupungua na akapata nafuu ya muda, na hapo hunasa.
* Insula. Sehemu hii hupokea habari za ndani ya mwili, kama vile njaa, maumivu na mapigo ya moyo. Kwa wagonjwa wa anoreksia hupokea habari hizo kwa namna isiyo ya kawaida.
* Mtandao wa mazoea. Kujinyima huanza kama uamuzi, lakini kukirudiwa kwa miezi huhamia katika sehemu za ubongo zinazoendesha mazoea. Tangu hapo mgonjwa hujinyima bila kuamua, kama mtu afungaye mlango bila kukumbuka kwamba ameufunga.

Picha za ubongo za wagonjwa waliokonda sana huonyesha kwamba tabaka la juu la ubongo limekuwa jembamba. Upungufu huo hupona kwa sehemu kubwa uzito ukirudi. Ni dalili kwamba mengi yanayoonekana katika ubongo wa mgonjwa ni matokeo ya njaa, wala si chanzo chake.

## Homoni

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman mjini New York. Hutolewa na mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ghrelini iligunduliwa nchini Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao. Hutolewa hasa na tumbo tupu na huamsha njaa. Mgonjwa wa anoreksia huwa na leptini kidogo na ghrelini nyingi, kama inavyotarajiwa kwa mwenye njaa. Tatizo basi si kwamba mwili umeacha kuomba chakula. Mwili unaomba, ila ubongo hauitikii ombi hilo kama kawaida.

Leptini ikishuka mno, ubongo huzima kazi zisizo za lazima kwa uhai. Hedhi hukoma, homoni za tezi ya thiroidi hupungua, mwili huwa baridi na moyo hupiga polepole. Kortisoli, homoni ya msongo, hupanda na kuchangia kudhoofisha mifupa.

Katika bulimia, kolesistokinini, homoni ya utumbo inayoleta shibe, huongezeka kidogo kuliko kawaida baada ya mlo. Tumbo lililozoea kujazwa mno nalo hupanuka, hivyo shibe huchelewa, na mgonjwa huendelea kula pale ambapo mwingine angeshatosheka.

Balehe ina nafasi yake. Tafiti za mapacha wa kike zilizofanyika Marekani zimeonyesha kwamba kabla ya balehe mchango wa jeni katika dalili za ulaji ni mdogo sana, lakini baada ya balehe hufikia karibu nusu. Inadhaniwa kwamba estrojeni huziamsha jeni zilizokuwa zimelala. Hii ni sababu mojawapo ya magonjwa haya kuanza hasa katika ujana na kuwapata wanawake zaidi. Wanaume nao huugua, ila mara nyingi hawatambuliwi.

## Njaa yenyewe kama kisababishi

Ushahidi mashuhuri ulitoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kuanzia Novemba 1944 Ancel Keys na wenzake waliwachunguza vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri na kujitolea kwa ajili ya utafiti. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu walioathiriwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida, wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Vijana hao hawakuwa na tatizo lolote la ulaji hapo awali. Lakini njaa ilipozidi walianza kuwaza chakula mchana kutwa, kukusanya vitabu vya mapishi, kukatakata chakula vipande vidogo na kukila polepole kwa saa nzima. Walijitenga, walihuzunika na walikasirika upesi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula hadi kuugua bila kushiba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950, na yanaonyesha jambo hili: mengi yaliyodhaniwa kuwa tabia ya mgonjwa wa anoreksia ni dalili za njaa kwa binadamu yeyote.

Jaribio la pili ni la mwaka 1967. Routtenberg na Kuznesof waliwapa panya chakula saa moja tu kwa siku. Wasio na gurudumu la kukimbilia walizoea na kuishi. Wenye gurudumu walizidi kukimbia kila siku, wakala kidogo zaidi, na wengi walifikia hatua ya kufa. Wagonjwa wengi wa anoreksia nao hawatulii: husimama, hutembea na hufanya mazoezi ingawa wamedhoofika.

Njaa peke yake lakini haitoshi kueleza kila kitu. Vijana wa Minnesota walikitamani chakula na walifurahi kukirudia, wala hawakuogopa unene. Kwa mtu aliyerithi hatari, njaa ni kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Iwe ilianza kwa nia ya kupunguza unene, kwa homa ndefu, kwa mazoezi ya michezo au kwa mfungo, ugonjwa unaweza kuwaka.

## Tumbo, utumbo na magonjwa mengine

Mtu aliyejinyima muda mrefu hutoa chakula tumboni polepole. Akila kidogo huvimbiwa na kusikia maumivu, jambo linalomthibitishia kwamba chakula kinamdhuru. Hali hiyo hupungua akiendelea kula.

Vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza wako katika hatari zaidi. Baadhi yao hupunguza insulini kwa makusudi ili wakonde, jambo ambalo huweza kuua kwa siku chache. Uhusiano umeonekana pia na ugonjwa wa seliaki na magonjwa mengine ya kingamwili, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati. Bakteria wa utumbo wa wagonjwa hutofautiana na wa watu wengine, lakini haijathibitika kama tofauti hiyo ni chanzo au matokeo ya kutokula.

## Uhusiano na mazingira

Jeni huweka hatari, lakini mara nyingi mazingira ndiyo huamua kama hatari hiyo itatokea na kwa sura gani. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa, Anne Becker alichunguza wasichana baada ya televisheni kuingia katika eneo lao mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye kujitapisha kwa ajili ya kukonda, ambako hakukuwepo hapo mwanzo, kulikuwa kumeanza. Nchini Tanzania utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili za matatizo ya ulaji kwa baadhi ya wanawake, hasa waliozoea zaidi vyombo vya habari vya nje.

Nchini Ghana, utafiti wa mwaka 2004 kati ya wasichana wa shule za sekondari uliwakuta wachache waliokonda kwa kujinyima chakula bila ugonjwa mwingine. Hawakutaja unene. Walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi. Inawezekana basi kwamba mwelekeo uleule wa mwili huvaa maelezo tofauti kulingana na mahali.

Katika Afrika Mashariki mtu akikonda hufikiriwa kwanza kuwa na kifua kikuu, UKIMWI, kisukari au minyoo, na ni sawa magonjwa hayo yapimwe kwanza. Vipimo vyote vikiwa safi na mgonjwa bado anakwepa mlo, tatizo la ulaji nalo linastahili kufikiriwa.

## Umuhimu kwa matibabu

Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Vifo hutokana na moyo kushindwa, madhara mengine ya njaa, na kujiua. Katika bulimia, kujitapisha hupunguza potasiamu katika damu, hali inayoweza kusimamisha moyo ghafla, na asidi ya tumbo huharibu meno.

Ujuzi wa kibiolojia umeleta kanuni zifuatazo:

* Chakula ni dawa ya kwanza. Ubongo wenye njaa haufaidiki vizuri na mashauri. Uzito hurudishwa mapema, si baada ya "chanzo" kupatikana.
* Kulisha kunahitaji uangalizi. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, fosfati katika damu yake hushuka na anaweza kufa. Hatari hiyo ilionekana kwa mateka waliokombolewa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa mgonjwa aliyekonda sana kazi hiyo hufanyika hospitalini, pamoja na vipimo vya damu.
* Familia ni msaada. Njia iliyoanzishwa katika Hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi kazi ya kumlisha kijana wao mlo kwa mlo hadi apate nguvu ya kujisimamia. Imeonyesha matokeo mazuri kwa vijana.
* Dawa husaidia kwa kiasi. Fluoksetini, inayoongeza nguvu ya serotonini, hupunguza kula na kutapika katika bulimia. Lisdeksamfetamini iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ugonjwa wa kula kwa kupindukia. Kwa anoreksia hakuna dawa iliyothibitika kuponya.

Kwamba ugonjwa una mizizi katika mwili hakumaanishi kwamba hauponi. Wagonjwa wengi hupona, na wanaotibiwa mapema hupona zaidi. Mtoto anayekataa kula kwa sababu hii hamfanyii mzazi wake jeuri, wala mzazi hakumroga kwa malezi yake. Wote wawili wanapambana na ugonjwa mmoja.

## Tazama pia

* Anoreksia nervosa
* Bulimia nervosa
* Homoni
* Jeni
* Lishe
* Ubongo